Wenye nyumba, mkimkataa mtu mwambieni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenye nyumba wenzangu, maana hili jambo tunalifanya vibaya na tukiambiwa tunanuna. Mtu kaja kaona chumba kakipenda, kajaza fomu, kaacha kopi ya kitambulisho na barua ya kazini, wewe moyoni umeshaamua humpi ila badala ya kumwambia unamzungusha, mara "nitakucheki", mara "dalali kasafiri", mara simu inaita hupokei, na mwenzio kule anakokaa keshatoa notisi na nyumba zingine kaacha kuziangalia kwa sababu anakusubiri wewe. Mwezi unaisha hana pa kwenda. Si bora ungemwambia siku ileile?

Halafu kuna huu uongo wa "pameshachukuliwa". Tangazo bado liko hewani, rafiki yake akipiga kesho yake anaambiwa njoo uone! Hapo ndo unazua balaa, maana akishajua umemdanganya hawezi tena kuwaza kwamba labda ni kipato, atasema ni kabila langu, ni dini yangu, ni hawa watoto, na tusidanganyane jamani, mara nyingine anakuwa kapatia. Marekani wana sheria tangu 1968 inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au asili yake, 1988 wakaongeza wenye ulemavu na familia zenye watoto. Sababu iwe inahusu upangaji wenyewe: kodi inamzidi kipato, watu ni wengi kuliko vyumba, anataka kuingia wakati aliyemo hajatoka, kule alikotoka kaacha deni. Hizo unamwambia mtu mkiwa mnatazamana na hakuna anayekasirika sana. Na vigezo vyako viandike kabla hujaanza kupokea watu, viwe hivyohivyo kwa wote, siyo huyu unamdai wadhamini wawili na yule ukishampenda sura basi.

Kumjibu wala siyo kazi. Meseji moja: "Habari, nashukuru ulivyokuja kuona chumba. Nimempa mwingine aliyekamilisha karatasi zake mapema. Hela yako ya kushikia nakurudishia leo kwenye namba hii." Imetosha. Usimhubirie maisha, usimwambie "ukipata kazi nzuri urudi", na kama karatasi hazikuwa sababu usiseme ni karatasi. Hiyo hela irudi nzima, asije akaipigia simu wiki mbili kama anaomba mkopo.

Kama umemkataa kwa habari ulizopewa na mtu au kampuni, mwambie zimetoka wapi. Huko huko Marekani mwenye nyumba akimkataa mtu kwa sababu ya ripoti ya madeni analazimika kumtajia kampuni iliyoitoa, na mwombaji ana siku 60 za kuiomba bure na kupinga kilichokosewa. Naona ni haki kabisa, majina yanafanana sana, mtu mwingine kakimbia deni wewe ndo unakosa pa kulala na hata hujui kwa nini.

Aliyeshika nafasi ya pili naye tumsahau? Mwambie wazi kuwa kuna mmoja mbele yake, akisaini basi, asiposaini utampigia kufikia siku fulani, na siku hiyo ikifika umpigie kweli hata kama jibu ni hapana. Kwa kawaida atakushukuru na ataendelea kutafuta huku anasubiri.

Lingine ni zile kopi za vitambulisho za watu tuliowakataa, sijui tunaziweka za nini. Mrudishie mwenyewe au zichane, maana nimeshaona kopi ya mtu, picha yake kabisa iko pale, nyuma yake wamepigia hesabu za umeme na imebandikwa ukutani wapangaji wote wanaisoma.

Ni mimi mwenye nyumba, msomaji wenu.