Panya wa Bramble Cay hakuuawa na bahari peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa habari ya panya wa Bramble Cay, magazeti yetu huandika sentensi ileile: mamalia wa kwanza kutoweka duniani kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli. Lakini sentensi hiyo inaficha jambo, na jambo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bramble Cay ni kisiwa cha mchanga katika Mlango-bahari wa Torres, upande wa Australia, karibu na Papua New Guinea. Watu wa kisiwa cha Erub hukiita Maizab Kaur. Ukubwa wake ni hekta 4 au 5 tu, na pale palipoinuka kabisa ni kama mita 3 juu ya bahari. Kasa hupanda kutaga, ndege wa baharini hujaa, na katikati paliota majani ambamo panya huyu, Melomys rubicola, alikula na kujificha. Hakupatikana kwingine kokote duniani.

Mabaharia wa meli ya Kiingereza iliyoitwa Bramble waliwakuta mwaka 1845, wakiwa wengi hata wakawa wanawawinda kwa pinde na mishale. Mwaka 1978 walikadiriwa kuwa mia kadhaa. Mwaka 1998 makadirio yakashuka hadi kama 90. Mwaka 2002 walinaswa 10, mwaka 2004 wakanaswa 12. Bahari ilikuwa inapanda, mawimbi ya dhoruba yakikifunika kisiwa na maji ya chumvi yakiunguza majani. Mwaka 2004 majani yalienea zaidi ya hekta 2. Kufika 2014 hayakutimia hata sehemu ya kumi ya hekta moja. Panya atakimbilia wapi?

Sasa naomba msomaji aziangalie tarehe. Mwaka 2008 uliandikwa mpango rasmi wa kumwokoa. Mpango huohuo ulisema kupanda kwa bahari hakutarajiwi kumdhuru sana katika muda wa mpango wenyewe. Mwaka 2009 mvuvi mmoja akamwona, na hajaonekana tena baada ya hapo. Mwaka 2011 alitafutwa, hakupatikana. Mwaka 2014 watafiti walirudi na mitego na kamera, wakatega usiku baada ya usiku, mitego ikabaki mitupu. Februari 2019 serikali ya Australia ikatangaza rasmi kuwa ametoweka.

Kati ya mpango na ile mitego mitupu ilipita miaka sita. Ile ilikuwa nchi tajiri, yenye wataalamu na vyombo, na panya wenyewe wangeenea katika vizimba vichache. Naamini angekuwa mnyama mzuri wa kuwekwa kwenye stempu, boti ya kwenda kumchukua ingepatikana. Neno "panya" lilimponza.

Sisi wa Pemba hatupaswi kulisoma hili kama habari ya mbali. Popo wetu mkubwa, asiyepatikana nje ya kisiwa hiki, naye alikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Hakuwa na sura ya kupendwa na watalii, na wengi walimwona kitoweo tu. Waliomwokoa ni wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliokaa wakalinda miti anayolala. Hawakungoja ahesabiwe mpaka wa mwisho. Leo jioni ukisimama Kidike utawaona wakiondoka kwa makundi.

Kwa hiyo, Mhariri, mkiandika tena juu ya yule wa Bramble Cay, baada ya neno "tabianchi" ongezeni mstari mmoja: kwamba mwaka 2004 panya 12 walikuwa mikononi mwa watu, tena wakiwa hai.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba