Usikubali sanduku badala ya mikarafuu

Mji Mkongwe, Unguja

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama yangu anakusalimu, na Ruweida kasema mkeka wako ushakwisha, anangoja mtu wa kumpa auchukue. Pole tena kwa msiba wa mama yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na ampe kauli thabiti. Ningepiga simu, lakini jambo hili nataka ulisome kwa kituo, na ikibidi umsomee na kaka Hamad.

Msellem kafika na boti kutoka Mkoani, kanieleza mnavyotaka kugawana. Eti Hamad achukue mikarafuu yote ya Mtambwe, na wewe fungu lako liwe lile sanduku alilorudi nalo mama kutoka London, sahani na medali zake za ukumbusho, kwa kuwa kila kimoja kina cheti na namba, na mmekadiria ni mamilioni. Zuwena, usikubali. Fungu lako lipo kwa sheria ya Mungu, kwa kila mawili ya Hamad wewe una moja, na usilibadilishe kwa vitu ambavyo hajatokea mtu wa kuvinunua.

Simlaumu Hamad, naye anaamini. Na marehemu aliamini pia, akilipa kidogo kidogo kila mwezi kutoka mshahara wake wa hospitali, akijua anawawekea nyinyi. Ndiyo maana inaniuma. Lakini mimi nashinda dukani Gizenga, vitu vya aina hii naletewa. Wageni watu wazima wa Kiingereza wakiingia hushika kasha la misumari ya shaba, huulizia mabirika ya kahawa, huulizia bakuli za zamani zilizokuwa zikipangwa kwenye zidaka za majumba. Sahani yenye picha ya Princess Diana hata hawaigeuzi. Kwao zimejaa.

Biashara hii ilikuwa kubwa kweli. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja, Joseph Segel, aliona watu wanavyogombania dola za mwisho za madini ya fedha, akajua hapo pana wateja. Akaanza kupiga medali za ukumbusho, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Franklin Mint. Hukwendi dukani: unaona tangazo gazetini, unajaza fomu, kila mwezi posta inakuletea kimoja mpaka seti itimie. Na nani anakubali kuacha seti nusu? Mwaka 1973 J. Roderick MacArthur akafungua Bradford Exchange kule Illinois, yeye akazipangia sahani bei mfano wa soko la hisa, leo imepanda hii, kesho ile. Mtu akiona bei imeandikwa hudhani yuko wa kuilipa.

Tena hebu soma nyuma ya zile sahani. Kampuni nyingi hazikusema zitatengeneza sahani ngapi; zilisema zitazichoma kwa siku kadhaa tu. Sasa tanuri likiwaka mchana na usiku kwa siku hizo zote, zinatoka ngapi? Medali nazo, mara nyingi idadi yake ilikuwa ni watu wote watakaoagiza kabla ya tarehe fulani. Kitu kimetoka kwa maelfu, na kila aliyenacho kakifunga ndani ya boksi lake asikiguse, kitaadimika lini?

Na wenyewe Marekani walianza kushtuka zamani. Mwaka 1978 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilionyesha kwamba walionunua medali za Franklin Mint wakienda kuziuza hawapati walicholipa. Januari 1980 madini ya fedha yalipofika karibu dola 50 kwa aunsi, watu walizipeleka nyingi zikayeyushwe, maana uzito wake ulikuwa na faida kuliko picha iliyochorwa juu. Halafu ikaja intaneti. eBay ilianza mwaka 1995, na vile vilivyokuwa vimefichwa makabatini vikaonekana vyote kwa pamoja, wauzaji tele, wanunuzi hawapo. Wazee wanafariki, watoto hawavitaki. Kama nyinyi tu, shoga yangu, isipokuwa nyinyi mmeambiwa ni mali.

Sisemi sandukuni hamna kitu. Toa medali zote uzitazame mihuri. Yenye 925 ni fedha, sonara ataipima kwa gramu. Zilizopakwa dhahabu juu juu, usizihesabu. Lakini Msellem kasema kaona sarafu yenye duma. Ikiwa ni ya Tanzania, ya mwaka 1974, shilingi 1,500, ile iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, basi hiyo ni dhahabu ya kweli, gramu 33 na ushei. Wenzake ni kifaru wa shilingi 50 na twiga wa shilingi 25, hao ni wa fedha. Ipige picha pande zote mbili unitumie, na usimwachie mtu aondoke nayo.

Hata ikiwapo hiyo, mikarafuu usiitoe. Mikarafuu ina mnunuzi: msimu ukifika ZSTC, shirika la serikali la biashara, inapima na kulipa, hata makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanakwenda kiwandani Wawi kutolewa mafuta. Utachuma wewe, na wanao watachuma. Sahani gawaneni za ukumbusho, na ile ya ndege aliyoipenda mama ichukue wewe, uitundike.

Niambie basi, umeshatia saini chochote? Karatasi za shamba ziko kwa nani? Kwa kadhi mnakwenda lini? Na dada yenu wa Muscat kaulizwa, au mmemwacha nje? Zile stakabadhi za malipo za mama mmezikuta? Zitaonyesha kipi ni fedha na kipi siyo. Na wewe mwenyewe unakula, unalala? Msellem anarudi Jumamosi. Ukitaka nifuatane naye nikusaidie kupanga vitu kabla ya kikao, sema tu, dukani atakaa Ruweida.

Wasalaam,
Shogayo Mwanaidi