Tundu Zinaongezeka, Waya ni Ule Ule

Karibuni sisi mafundi umeme tumeitwa nyumba mbili hapa Unguja, moja Fuoni na nyengine Chukwani, na shida ilikuwa moja. Vijana wameweka mashine za kuchimba Bitcoin, yaani kompyuta zinazopiga hesabu mfululizo ili zilipwe sarafu hiyo ya mtandaoni, soketi hazitoshi, wakaunga ekstensheni juu ya ekstensheni. Ya Fuoni ndiyo iliyotutia hofu. Chumba cha uani, mashine tatu, zote kwenye ekstensheni moja ya tundu sita, nayo imechomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Plagi ilikuwa imeiva rangi ya kahawia. Tulipoivuta, mguu mmoja ulibakia ndani ya soketi, kwa sababu plastiki ilishayeyuka. Upande wa pili wa ukuta ule hulala mtoto.

"Lakini breka haijaanguka hata siku moja," akatwambia mwenye nyumba.

Kauli hiyo tunaisikia mno, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Mashine zake ni Antminer S9, za zamani kidogo, kila moja hula wati 1,350 hivi. Tatu ni wati 4,050. Gawa kwa volti 230, unapata zaidi ya ampea 17 za umeme unaopita kwenye waya. Soketi zetu za miguu mitatu bapa zimetengenezwa kwa ampea 13. Breka ya laini ya soketi mara nyingi ni ya ampea 32, kwa hiyo 17 haiishtui kabisa. Breka hulinda waya uliomo ukutani. Plagi inayoungua haioni. Na fyuzi iliyomo ndani ya plagi, ingawa imeandikwa 13, haikatiki pale pale ukivuka kidogo. Inaweza kubeba 17 kwa muda mrefu sana, huku inapata moto.

Watu hutuuliza mbona pasi na birika havileti balaa hilo. Birika linachemsha dakika chache likazimwa. Pasi inajikata na kujiwasha wenyewe. Mashine ya kuchimba haipumziki, usiku na mchana, Ijumaa na sikukuu, na kiungo kilicholegea hakipati hata saa moja ya kupoa. Halafu umeme ukipungua nguvu, mashine haipunguzi ulaji wake, inavuta ampea zaidi. Mashine kubwa zaidi, Antminer S19 ya wati 3,250, huvuta ampea 14 kwenye volti 230. Zikishuka hadi 200 inavuta 16. Hiyo peke yake haifai kwenye soketi ya kawaida, usiseme kuchomeka nyengine pamoja nayo.

Kuna na mchezo wa kalamu. Plagi ya miguu miwili haiingii, mtu anachokoa tundu la juu kwa kalamu ili mlango ufunguke, kisha anaisukuma. Tunakuombeni muache. Mashine yenye bodi ya chuma ikikosa ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, siku ya hitilafu bodi yote inakuwa na umeme, na sakafu zetu nyingi ni saruji yenye unyevu.

Ukitaka kugawa umeme kwa usalama, gawa kuanzia kwenye sanduku la breka. Sisi huvuta laini ya peke yake, waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 20 kwa mashine moja kubwa, na mwishoni tunafunga soketi ya buluu ya duara ya ampea 16, ile ya viwandani. Waya ukipita darini chini ya bati, penye joto kali, tunapanda hadi milimita 6. Mashine ya pili, laini ya pili. Kisha kila baada ya miezi mitatu tunarudi kukaza skrubu, maana hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na kutu huzidisha joto.

Kabla ya yote tunapima nyumba nzima. S19 moja inakula uniti 78 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni uniti 2,340. Kama laini inayoingia nyumbani haihimili, tutakwambia uende ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwanza kuomba laini kubwa zaidi, na hatutafunga kitu mpaka ipatikane.

Ukija dukani, njoo na picha mbili: ya kibandiko cha kile kifaa kinachoipa mashine umeme, na ya sanduku la breka likiwa wazi. Na kama sasa hivi plagi yako ina joto ukiigusa, zima mashine kwanza, ndiyo uje.