Vidonge nane kwenye kopo la Blue Band

Mhariri salaam,

Malaria imemrudia mama, haijapita hata mwezi tangu atibiwe, na sababu nadhani nimeiona kwa macho yangu. Juzi natafuta chumvi kwenye shelfu juu ya jiko la mkaa nikakuta kopo la Blue Band, ndani kuna vidonge nane vya mseto, paketi imeshapauka kwa moshi na joto. Namuuliza mama hivi vipi, ananiambia mwanangu nilivyopata nafuu nikaviweka, mjukuu akiumwa tutampa. Kwa roho safi kabisa. Na dukani aliponunua hakuambiwa kitu, alipewa paketi na chenji basi.

Sasa tupige hesabu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, unameza vinne vinne mara sita kwa siku tatu, mara ya pili ni baada ya masaa 8, halafu asubuhi na jioni. Vikibaki nane maana yake kameza mara nne. Hiyo mara nne ilishajaribiwa zamani na watafiti kule Thailand, wagonjwa walipata nafuu kama mama tu halafu baadhi yao ugonjwa ukarudi, ndo ikapandishwa ikawa sita, wakapima tena wakaona watu wanapona. Kuna watu waliugua upya ndo sisi tukapata hiyo sita jamani.

Mseto ni dawa mbili, artemeta inapunguza vimelea fasta homa inakata mapema, lakini yenyewe haikai mwilini, masaa machache imeisha. Anayebaki kumalizia kazi ni lumefantrini na huyo anataka chakula chenye mafuta kidogo ndo aingie vizuri kwenye damu, mama alikuwa anamezea chai ya rangi!

Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, tuliiacha 2001 maana vimelea vilishaizoea, SP iliyoifuata nayo haikumaliza miaka kumi, na huko Kagera wameshaonekana vimelea vinavyochelewa kufa kwa hii artemeta. Tukiichezea hii tunaenda wapi?

Naomba wauza dawa, chukueni kalamu mwandikieni mtu juu ya paketi saa za kumeza zote sita, na mwambieni amalize hata kama homa imekata, ni dakika moja tu.

Mama zahanati wamempima wakampa dozi upya. Saa za kumeza nimemwandikia mwenyewe, leo jioni ndo mara ya sita na parachichi nimeshamkatia.

Msomaji wako, Morogoro