Jina la bendi, kazi ya mtu mmoja

Mhariri, salaam. Mwandishi wenu wa ukurasa wa muziki kaandika kwamba Death of a Bachelor, albamu ya bendi ya roki ya Marekani Panic! at the Disco, ni utapeli mtupu, eti bendi ilishakufa akabaki mwimbaji tu na jina. Mi napinga, ila sio yote.

Kwanza historia yenyewe haijakaa vizuri kwa Brendon Urie, ndo huyo mwimbaji aliyebaki. Bendi ilianza Las Vegas 2004, Ryan Ross na Spencer Smith walikuwa washkaji tangu utotoni, Urie yeye aliitwa baadaye aje kupiga gitaa, walivyomsikia anaimba ndo wakampa maiki. Ross, ambaye ndo alikuwa mwandishi mkuu wa mashairi kwenye albamu ya kwanza, akasepa 2009 na Jon Walker aliyekuwa anapiga besi, Smith akatoka rasmi 2015, na Dallon Weekes, mpiga besi aliyekuja baadaye, akarudishwa kuwa mwanamuziki wa ziara tu. Yaani Januari 2016 albamu inatoka, mgeni ndo kabaki na funguo za nyumba!

Lakini kusema ni muziki uleule uliopoa, hapana bana. Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu, chini kuna besi nzito na midundo ya kompyuta kama ya hip hop, juu yake jamaa anaimba kwa madaha ya Frank Sinatra, yule mwimbaji wa zamani wa Marekani, na ukiondoa matarumbeta vyombo karibu vyote kwenye albamu kapiga mwenyewe. Kwenye bendi ya watu wanne wazo kama hilo lisingepita, lazima mmoja angeuliza sasa gitaa langu linaingia wapi. Na ilishika namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, kitu ambacho walipokuwa wote hawakuwahi kukipata (japo mauzo sio kipimo cha kila kitu, najua).

Tatizo langu liko kwingine. Hakuna wa kumwambia punguza. Karibu kila korasi anapaza sauti mpaka juu kabisa, unachoka, hadi ufike wimbo wa Impossible Year mwishoni kabisa ndo unapata pumzi, na kalamu ya Ross mi bado naikosa.

Ila kuhusu mtu mmoja kutumia jina la bendi, mbona Dave Grohl, yule mpiga ngoma wa zamani wa Nirvana, hamkumsema? Albamu ya kwanza ya bendi yake Foo Fighters, ile ya 1995, alirekodi karibu yote peke yake, akaipa jina la bendi makusudi, watu wakaja kujaza nafasi baadaye. Tofauti ni kwamba yeye hakumwacha mtu njiani. Mwenye haki ya kununa hapa ni Weekes, aliyechangia sana albamu ya Panic! ya 2013 halafu akashushwa cheo, sio sisi tulionunua CD tukijua kabisa nani kabaki.

Ni mimi, msomaji wenu.