Wakili asiye na mtoto aliyetetea kodi ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Thaddeus Stevens, wakili wa Pennsylvania nchini Marekani, ambaye wanaomfahamu humkumbuka zaidi kama mbunge aliyepinga utumwa wakati wa Abraham Lincoln. Mimi huvutiwa na miaka yake ya mwanzo, alipokuwa mjumbe wa bunge la jimbo tu, kwa sababu alikabiliana na hoja ileile inayotugawa hapa Masasi msimu wa korosho unapofika: je, mkulima asiye na mtoto shuleni akatwe fedha za kujengea madarasa?

Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792 akiwa na ulemavu wa mguu. Baba yake aliitelekeza familia, na mama ndiye aliyehangaika mpaka mwanawe akasoma. Mwaka 1816 alianza kazi ya uwakili mjini Gettysburg, na mwaka 1833 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo.

Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya shule za umma zisizo na ada, zinazoendeshwa kwa kodi. Walipakodi wengi walikuja juu, maombi ya kutaka sheria ifutwe yakamiminika, Seneti ya jimbo ikakubali kuifuta, na hata wapiga kura wa Stevens mwenyewe wakamtaka afuate mkondo huo. Tarehe 11 Aprili 1835 alisimama barazani akawapinga. Alihoji inakuwaje mtu alipe bila kinyongo kodi ya kuwatunza na kuwaadhibu wafungwa, kisha alalamike anapotakiwa kulipa kodi ya kumzuia mwenzake asifikie kuwa mhalifu. Sheria ilinusurika. Aliyesema hayo hakuwa na mke wala mtoto, na kwa kuwa alimiliki mali nyingi Gettysburg, kodi hiyo ilimgusa mfukoni.

Simfanyi malaika. Mwaka 1821 alimwakilisha mwenye watumwa mahakamani akashinda, na mwanamke aitwaye Charity Butler akabaki utumwani. Doa hilo halifutiki, hata kama baadaye aliwatetea watumwa waliotoroka, na mwaka 1838 akakataa kutia saini katiba mpya ya jimbo kwa kuwa iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura.

Nakubali kwamba wanaopinga makato katika vyama vyetu vya msingi vya ushirika wana dai moja la haki, yaani mapato na matumizi yasomwe hadharani kabla ya kilo nyingine kukatwa senti. Lakini hiyo ya “mimi sina mtoto pale” ni hoja nyingine kabisa, na ningependa madiwani wetu waijibu mbele ya wapiga kura wao, badala ya kungoja kikao kivunjike ndipo watuambie pembeni kwamba moyoni walikuwa wakiunga mkono.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara