Msituni, jua kali ni adui wa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie picha za misitu, kwa sababu ushauri mwingi unaowafikia wanaojifunza kupiga picha ulitungwa kwa ajili ya mahali pa wazi. Mwanafunzi huambiwa angoje jua, alipe mgongo, atumie lenzi pana ili mandhari yote ienee, kisha aiachie kamera ikadirie mwanga. Akiingia msituni na maelekezo hayo manne, yote humwangusha. Hutoka na picha zenye madoa meupe na weusi mzito, matawi yamesongamana na jicho halina pa kutua, naye huamini kwamba kamera yake ni duni. Kamera haina kosa.

Nianze na jua, maana hapo ndipo picha nyingi hufia. Chini ya msitu mnene wa mvua, mwanga unaofika ardhini ni asilimia 1 au 2 hivi ya ule unaoangukia vilele vya miti. Jua likiwaka, miale michache hupenya kwenye mianya na kutupa madoa juu ya majani na magogo. Doa kali la namna hiyo hukaribia mwanga wa mahali pa wazi, na kivuli kilicho shubiri moja kando yake kina sehemu moja tu katika sitini. Wapigapicha huita hiyo tofauti ya stopu 6, kila stopu ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Jicho la mtu hulimudu jambo hilo kwa kuwa hujirekebisha kila linapohama kutoka doa hadi kivuli. Kamera hupima mara moja kwa fremu nzima. Ikifuata kivuli, madoa huungua yakabaki meupe matupu. Ikifuata madoa, mashina hugeuka mkaa. Faili ghafi la RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, huokoa sehemu ya kivuli, lakini doa lililokwisha kuungua halirudi. Hata ukifanikiwa kuokoa yote, mtazamaji ataendelea kukimbilia madoa na kuusahau mti uliotaka auone.

Basi ingia msituni siku ambayo wengine huahirisha: wingu limetanda, au mvua imekatika muda si mrefu. Wingu huifanya anga nzima kuwa taa moja pana, vivuli hulainika, na ile tofauti ya stopu 6 hushuka kwa kiasi ambacho kamera yoyote ya siku hizi huweza kukibeba. Mvua nayo huosha vumbi na kukoza rangi ya magome, kuvu na majani makavu.

Ukungu ni bora kuliko yote. Mti ulio karibu hubaki na weusi wake, wa pili hufifia kidogo, wa tatu zaidi, na wa mbali hubaki kivuli chepesi cha kijivu. Kwa hiyo msitu ambao jana ulikuwa ukuta wa vijiti hupata kina, mti mmoja mbele ya mwingine. Ukungu hutokea zaidi alfajiri baada ya usiku mtulivu usio na mawingu uliofuata mvua, na kwenye miinuko ambako mawingu yenyewe hupita katikati ya miti. Fika kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa jua likishapanda ukungu wa namna hiyo huyeyuka haraka.

Kama jua haliepukiki, liendee asubuhi mapema au jioni likiwa chini, na usilipe mgongo. Jani linaloangazwa kutoka mbele hurudisha mng'aro mweupe na kuonekana kama bati. Jani lile lile likiangazwa kwa nyuma huwaka kijani kibichi, mishipa yake ikaonekana mmoja mmoja. Simama ili shina liufunike uso wa jua, la sivyo mwanga utaingia moja kwa moja kwenye lenzi na kufifisha fremu yote. Ile miale inayoshuka kama nguzo nayo huonekana tu hewa ikiwa na ukungu, mvuke au moshi wa kuishika, tena ukiwa umelielekea jua. Ukiligeuzia mgongo, miale hiyo hupotea machoni pako ingawa bado ipo.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba kimeingia msituni. Kimetengenezwa kudhani kuwa wastani wa kila kitu duniani ni kijivu cha kati, kwa hiyo kikiona giza la msitu hulipandisha hadi likafanana na saa sita mchana, na ile hali ya utulivu iliyokufanya usimame ikapotea. Punguza kwa kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja nzima. Kwenye ukungu fanya kinyume, ongeza kiasi hicho hicho, kwani kipimo huuona weupe na kuuzima ukawa uchafu wa kijivu. Ndege aliyetua tawini huku anga nyeupe ikiwa nyuma yake huhitaji zaidi, stopu 1 hadi 2, ama sivyo utapata kivuli chenye mdomo. Usiamini mwangaza wa kioo cha kamera; gizani kioo huonekana king'avu kuliko picha yenyewe. Soma histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha ulivyogawanyika kutoka weusi hadi weupe, na washa onyo linalopepesa sehemu zilizoungua.

Sasa lenzi na mpangilio, ambako kazi yenyewe ipo. Lenzi pana ya milimita 16 au 24 hukusanya kila kijiti, kila mwanya wa anga, kila jani lililoanguka, na mti uliokuvutia huwa mdogo katikati ya vurugu. Anza na lenzi ndefu, inayoona eneo finyu, ya milimita 70 hadi 200. Kwa lenzi hiyo unachagua kipande: mashina matatu, mkunjo wa mzizi, tawi lililoinamia kijito. Tafuta pia mahali pa kusimama penye mwinuko ili utazame ng'ambo au chini, kwa sababu kila kipande cha anga kinachochungulia kati ya matawi ni shimo jeupe kwenye picha. Ukikosa mwinuko, shusha upeo wa juu wa fremu mpaka anga itoke, hata kama utakata vilele. Mtazamaji hahitaji kuona kilele ili aamini kwamba mti ni mrefu.

Kosa la pili kwa ukubwa ni mashina yanayopandana. Kwa macho mawili tunajua lipi liko mbele na lipi nyuma. Picha bapa huyagandisha yakawa shina moja lenye umbo la ajabu. Usikimbilie kubadili lenzi. Sogea shubiri moja kushoto, kisha kulia, inuka, chuchumaa, na uangalie nafasi kati ya shina na shina ikifunguka na kufunga. Mara nyingi tofauti ya picha nzuri na mbaya ni sentimita 20 za kusogea. Kisha finya macho mpaka majani yapoteze umbo: kinachobaki king'avu ndicho mtazamaji atakachokiona kwanza, na kama ni kijiti cheupe kwenye kona, picha bado haijakamilika. Njia nyingine ninayoisisitiza kwa kila anayejifunza ni kuweka kioo cha kamera katika nyeusi na nyeupe huku ukipiga faili ghafi. Kijani hudanganya, kwani rangi nzuri huficha mpangilio mbovu. Rangi ikiondoka, unaona mara moja kama mti wako unajitenga na yaliyo nyuma yake.

Pita ukingoni mwa fremu kwa jicho, pande zote nne, kabla ya kubonyeza. Shina lililochanwa nusu kwa urefu wake huvuta jicho nje ya picha. Liingize lote au liache lote. Na ukiinua kamera kutazama juu, mashina huegemeana kama yanaanguka. Weka kamera sawa kwa kutumia pimamaji iliyo ndani yake, rudi nyuma au panda mteremko. Ukitaka mti mzima, iweke kamera wima upige picha tatu au nne kutoka chini kwenda juu, kila moja ikiifunika iliyotangulia kwa theluthi, kisha uziunganishe kwenye kompyuta.

Hesabu ya mwanga huonyesha kwa nini tripodi si mapambo. Kwenye jua la wazi, ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/16 (namba ikipungua, tundu hupanuka) huhitaji kasi, yaani muda wa kupokea mwanga, ya takriban 1/100 ya sekunde. Chini ya msitu umepoteza stopu 6. Ukifungua tundu hadi f/8 unarudishiwa 2, na kasi huwa karibu 1/6. Siku ya wingu zito ondoa stopu 2 au 3 tena, na umefika kwenye sekunde moja hivi. Hakuna mkono unaotulia sekunde moja. Ng'ang'aniza miguu ya tripodi mpaka ivuke majani makavu na kufika kwenye udongo mgumu. Tandiko la majani hubonyea kila unapohamisha uzito wa mwili, kwa hiyo ukishapanga usitembetembe. Refusha kwanza vipande vinene vya miguu, nguzo ya katikati iwe ya mwisho. Tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Lenzi za zamani zenye kitulizi cha mtikisiko kizime ukiwa kwenye tripodi, maana baadhi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha wenyewe.

Tripodi haitulizi majani, hata hivyo. Kwa sekunde moja, upepo mdogo kabisa hugeuza tawi kuwa moshi. Upepo huja kwa mawimbi. Tazama jani jembamba la mbele na ubonyeze likitulia. Upepo usipotulia, pandisha ISO hadi 1600, na sekunde moja huwa 1/15. Ikibidi, piga fremu mbili bila kugusa tripodi, moja ya ISO 100 kwa ajili ya mashina na ardhi, nyingine ya ISO ya juu kwa ajili ya majani, uzichanganye baadaye. Chengachenga za ISO zinavumilika kuliko majani yaliyopakazwa.

Kuhusu tundu la lenzi, f/8 hadi f/11 hutosha kwa kazi nyingi. Kupita f/16 mwanga hutawanyika kwenye kingo za tundu na picha nzima hulegea, hata kama fokasi ni sahihi. Kwa kamera ya fremu kamili, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 24 kwenye f/11 ikilengwa mita 1.8 hutoa ukali kuanzia sentimita 90 mpaka mwisho wa upeo. Milimita 100 kwenye tundu hilo hilo ni habari nyingine: uilenge mita 30, na ukali utaanzia mita 15. Ndiyo maana lenzi ndefu haitaki jani la mbele lililo mita mbili kutoka kwako, labda upige fremu kadhaa kwa fokasi tofauti na kuzipanga pamoja.

Kifaa kimoja cha ziada kinachostahili kubebwa ni filta ya polaraiza. Majani, hasa yaliyolowa, huakisi anga kama vioo, na mng'ao huo mweupe ndio unaoficha kijani chake. Izungushe polepole ukitazama, usimame pale rangi inaporudi lakini jani bado linaonekana kuwa na unyevu. Ukiuondoa mng'ao wote, msitu hufa. Filta hiyo hula stopu 1 hadi 2, basi rudi kwenye hesabu ya hapo juu.

Mizani ya weupe, yaani namna kamera inavyosawazisha rangi ya mwanga, usiiachie kamera, kwa sababu ikiona kijani kimetawala hutupia urujuani kukisawazisha. Weka kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 mpaka 6000 siku ya wingu, na urekebishe nyumbani kutoka faili ghafi.

Mwenye simu asijione ametengwa. Futa lenzi kwanza, kwani alama ya kidole hugeuza kila mwanya wa anga kuwa ukungu wa uongo. Tumia lenzi yake ya kuvuta kama ipo kweli, usivute kwa vidole kupita hapo. Gusa sehemu king'avu ya kioo, kisha teremsha mwangaza. Zima hali ya usiku kukiwa na upepo: hiyo huunganisha picha nyingi zilizopigwa mfululizo, na jani lililohama kati yake hupakazika.

Unyevu nao una sheria yake. Kamera iliyotoka mahali pa baridi ikifunguliwa kwenye hewa ya joto yenye unyevu, lenzi hufunga mvuke mara moja. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto. Usiihifadhi ikiwa mbichi, kuvu huota ndani ya vioo.

Na msitu wenyewe usiguswe kwa ajili ya picha. Tawi linaloingilia fremu lisivunjwe, sogea wewe. Ua adimu au kiota visitangazwe mahali vilipo, hata kupitia kumbukumbu ya eneo ambayo simu huandika ndani ya faili.

Mwisho ni ombi kwa dawati lako la picha, Mhariri. Karatasi ya gazeti hunywa wino, nukta zikatanuka, na vivuli vya msitu vilivyokuwa na magome na kuvu ndani yake huungana vikawa tope la kijani. Picha ya msitu ifunguliwe vivuli na rangi zake za kati kabla ya kupelekwa kiwandani, zaidi ya mnavyofanya kwa picha ya uwanjani, na kijani kisiongezwe. Nafasi ikiwa finyu, kateni kwa kufuata pengo lililo kati ya shina na shina.

Wako,
Mpigapicha wa misitu